Mita ya Wazee

Kwaa! Mpaka leo nikifumba macho naisikia. Ni mlio wa mitalawanda miwili ikigongwa uso kwa uso, ile ya mti mzito ambayo watu huvaa wakienda kutawadha. Kijana aliyeumia mguu wiki hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuigonga, na ikilia tu, wenzake wawili wanachomoka kama kuku waliomwagiwa maji. Kule mwisho wa mstari amesimama mwenye duka la nguo, kofia imekaa upande, saa ya mfukoni ameileta karibu na pua, anahesabu kwa sauti mshale wa sekunde. Hatukuwa na bastola wala filimbi. Mitalawanda tuliiazima msikitini, na baada ya mbio tuliirudisha imeoshwa.

Hapo ni Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, miaka michache tu baada ya Bukini, yaani Madagaska, kupata bendera yake. Nyumbani kwetu tulisema Kingazija, kwa kuwa babu zetu walitoka Ngazidja. Sokoni tulisema Kimalagasi, na shuleni, kwa ile miaka michache niliyokaa huko, Kifaransa. Kiswahili kwetu kilikuwa kimebaki katika dua, katika majina ya vitu vya baharini, na katika midomo ya wazee wauza nguo waliotoka Marodoka, kijiji cha zamani cha Waswahili hapo kisiwani. Nimekuja kukishika vizuri baadaye, na kama nimekikalia upande mahali fulani, msomaji anisamehe, tunakwenda.

Mwenye duka huyo alikuwa mmoja wa wazee hao wa nguo. Hakuwahi kucheza mpira maishani mwake, lakini aliupenda vibaya. Aliwanunulia vijana mpira, akatoa kitambaa cha bukta, nami nikazishona kwa mkono nyumbani kwa mama. Ndiyo sababu nikaruhusiwa kusimama kando ya kiwanja. Msichana hana kazi kwenye mpira, lakini fundi wa bukta anayo. Ikichanika, nani ataishona?

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mmoja wa vijana hao. Baba alikuwa amefariki, mama alikuwa anachuma maua ya mlangilangi kwenye mashamba ya wenyewe, na huyu mdogo wangu, kwa macho yangu mimi, alikuwa upepo wenye miguu. Nilikuwa mtu wa ndoto. Nikishona namwona amevaa jezi yenye namba, watu wanapanda kuta kumtazama. Nikichota maji namwona. Mama alikuwa ananiambia, "Mwanangu, ndoo imejaa zamani, unamwagia nchi."

Basi ikaja habari kwamba timu moja ya Mahajanga, mji wa bandari kule bara, inatafuta vijana. Atakayechaguliwa atapewa kitanda na chakula, na asubuhi atajifunza ufundi wa mashine kwenye karakana ya bandarini. Kwetu sisi ufundi ulikuwa mkubwa kuliko mpira. Kijana mwenye ufundi haombi kazi ya kuchuma maua. Walichotaka Mahajanga kwanza ni kujua kila kijana anakimbia mita mia kwa muda gani, maana hawawezi kumpandisha melini kila mwenye miguu.

Mwenye duka akalishika jambo hili kama sala. Alitaka mstari upimwe sawasawa, usiwe wa kukadiria. Sasa hapa lazima nieleze jambo la duka lake, maana bila hilo hutaelewa chochote.

Alikuwa na fimbo mbili za kupimia nguo. Moja ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mezani, ina muhuri wa serikali, na kila kilichouzwa kilipimwa kwa hiyo. Ya pili ilikuwa ya mpingo, ya babu yake, imekaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cheupe. Hiyo haikupima kitu cha kuuzwa hata siku moja. Ilipima sanda, ilipima nguo za sadaka, ilipima zawadi ya bibi harusi. Alisema cha biashara kina fimbo yake, na cha Mungu kina yake. Wazee waliita kipimo hicho wari, naye alituambia, "Wari ni mita ya wazee. Jina tu limebadilika."

Mstari wa mbio haukuwa biashara. Wala fimbo ya mnyororo isingeweza kutoka dukani. Basi akaishusha ile ya mpingo, akaifunua, akapiga bismillahi, akaigeuzageuza juu ya nyasi mara mia mwenyewe, mgongo umepinda, na sisi nyuma yake tunahesabu kwa sauti kama watoto wa chuoni.

Mdogo wangu alikimbia kwa sekunde kumi na moja. Akarudia, zikawa zile zile. Karani wa meli akazibeba habari hizo mpaka Mahajanga, na haukupita muda karani huyo huyo akarudi na jibu: aje, ajaribiwe kwa mwezi mmoja.

Mama hakukubali aende peke yake. Shangazi yetu wa Mahajanga alikuwa na cherehani, akasema nije nimsaidie kushona. Siku ya kuondoka mwenye duka akatupa zawadi, mita tano za bafta nyeupe, nimshonee ndugu yangu kanzu na bukta asionekane mtoto wa watu wasio na watu. "Mpeleke mwanangu," akaniambia, "na umwambie akimbie tu kama anavyokimbia hapa. Basi."

Mahajanga ilitupokea kwa joto na vumbi jekundu. Shangazi alikuwa mama mnene mwenye ulimi mwepesi, anauza godrogodro, ile keki ya nazi na kungumanga, kwenye kibaraza chake. Akamtazama mdogo wangu juu mpaka chini. "Huyu ndiye upepo? Upepo gani una magoti makubwa hivi?"

Kesho yake tukaenda kiwanjani. Mwalimu wa timu alikuwa Mmalagasi wa makamo, mtu wa ofisi ya barabara, mpole kwa sauti lakini hana mchezo. Mstari wake aliupima kwa mnyororo wa kazi za barabara. Saa yake ilikuwa ya kubonyeza, ya kweli ya michezo. Vijana wake walikuwa wamekaa kwenye ukuta wanamsubiri huyo wa sekunde kumi na moja.

Mdogo wangu akakimbia. Mwalimu akatazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akamwambia apumzike arudie. Akarudia. Zikapita kumi na mbili, mara zote mbili.

Kicheko kilianzia kwenye ukuta.

"Ee, saa za Nosy Be zimelewa mlangilangi!"

"Labda kumi na moja ni za kwenda. Za kurudi hazijahesabiwa!"

Mwalimu aliwanyamazisha kwa mkono. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Mimi sitaki kijana mwongo. Mwepesi nitampata kwingine. Mwongo nikimweka kwenye karakana, kesho ataniambia boliti imekazwa na haijakazwa. Jumapili meli inarudi kaskazini. Mpande."

Ilikuwa Jumatatu.

Mdogo wangu hakula. Alilala amegeukia ukuta wa mabati, joto lote lile, kanga ya shangazi ameivuta mpaka kichwani. "Dada," akasema, "labda kweli mimi ni mwongo. Labda nilikuwa nakimbia vile kwa sababu mlikuwa mnanitazama ninyi."

"Funga mdomo wako," nikamwambia. "Miguu haidanganyi." Nilisema hivyo, lakini moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko yeye. Nilikaa mlangoni nikajisemea: hatupandi meli hiyo mpaka nijue. Kama ni mzembe, nijue. Kama ni mgonjwa, nijue. Kama kuna aliyesema uongo, nimjue kwa jina lake.

Nikaanza na ugonjwa. Nikampeleka zahanati, wakamgonga mgongo, wakamtazama ulimi, wakasema huyu ana afya ya punda. Nikafikiri ni mchanga wa kiwanja. Nikaenda peke yangu saa za jua kali, nikavua viatu, nikaukanyaga mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mgumu kama sakafu, mzuri kuliko wetu. Nikamrudia mwalimu ofisini kwake, nikamsubiri nje mpaka atoke.

"Saa yenu ni mbovu, basi," akasema. "Sioni lingine."

"Saa ile, bwana, ndiyo anayoitazama mwadhini Ramadhani. Kama ni mbovu, basi Hell-Ville nzima tumefungua saumu mchana."

Alicheka kidogo, lakini akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Siku ya Alhamisi nilikuwa bado sijapata kitu, na shangazi akasema nikae kwenye cherehani nitulie, maana nilikuwa nazunguka nyumba kama paka aliyefungiwa. Nikaitoa ile bafta ya zawadi. Kama mdogo wangu anarudi, basi na arudi amevaa kanzu nzuri. Nikaikunjua mkekani, nikaipima kwa utepe wa shangazi ili nijue nitakata wapi.

Haikufika.

Nikapima tena. Mita tano hazikufika. Palipungua kiasi cha mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati.

"Shangazi, hebu njoo."

Akaja na unga mikononi, akapima yeye. Akaguna. "Mita tano? Hii? Mwenye duka wenu amewaibieni, tena mchana kweupe, tena kwa jina la zawadi! Hao watu wa Marodoka nawajua mimi."

"Shangazi, zawadi inaibwaje? Hakutudai senti."

"Ndiyo wizi mbaya kuliko wote. Ameiba na thawabu kaitaka."

Nilitaka kulia, si kwa ajili ya kitambaa. Nilimpenda mzee yule. Nilimwona amesimama mbele ya kabati, anaifunua fimbo ya mpingo, anapima kwa makini, anasogeza dole gumba kila mara ili asinipunje hata uzi mmoja. Nilikuwepo. Nilimwona kwa macho haya. Mara tano aliiweka fimbo ile, mara tano kamili.

Basi mkono wake haukukosea.

Nikaikunja bafta sehemu tano zilizo sawa, nikaweka utepe juu ya mkunjo mmoja. Fimbo moja ya mpingo ilikuwa fupi kuliko mita kwa upana wa kiganja changu. Kiganja kimoja si kitu. Nani atakiona? Lakini aliigeuza mara mia juu ya nyasi! Nikaanza kuviweka viganja hivyo kimoja baada ya kingine akilini, vikatoka mlangoni, vikapita kibaraza, vikavuka barabara mpaka ng'ambo kwa muuza mkaa.

"Amka!" nikampigia kelele mdogo wangu. "Amka wewe! Si mwongo, na mzee si mwizi. Mstari ndio mfupi!"

Shangazi akatutazama tunavyorukaruka. "Sasa mmepata nini? Kumbe hata huo upepo ulikuwa nusu bei."

Maneno yake yalinikata furaha, maana yalikuwa kweli. Ikiwa mstari ni mfupi, basi zile kumi na moja hazikuwa za mita mia. Nilikuwa nimepata ushahidi kwamba ndugu yangu hakudanganya, na ushahidi huo huo ulisema kwamba hana mbio tulizomsifia. Nilikaa nikalifikiria hilo. Kisha nikaamua kwamba yote mawili lazima yasemwe. Likisemwa moja tu, basi sasa ndipo tutakuwa waongo.

Ijumaa alasiri nikafika kiwanjani na bafta begani na ufito wa mkoko nilioukata sawa na mkunjo mmoja. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Zandry," akasema, ndivyo Wamalagasi wanavyomwita mdogo wao, "kila kijana anayeshindwa ana dada mwenye hadithi."

"Basi mimi usinisikilize. Ufito huu hapa. Pima mara mia, uwakimbize vijana wako mwenyewe, na saa yako mwenyewe. Kama sekunde zao hazikushuka, tutapanda meli na sitakusumbua tena."

Alinitazama sana. Nadhani kilichomshawishi ni ile kazi ya barabara. Mtu wa kupima hawezi kuona kipimo kipya akalala. Akauchukua ufito, akaulaza kando ya mnyororo wake, akanung'unika kitu, akaanza kupima.

Vijana waliporuka kutoka ukutani walikuwa wanashangilia.

"Leo mbio za kitambaa!"

"Mshindi anashonewa suruali!"

Wakakimbia wawili wawili. Mwalimu alikuwa anasoma saa, uso haubadiliki, lakini baada ya jozi ya tatu akaanza kutikisa kichwa taratibu. Zote zilishuka, kila mmoja kwa takriban sekunde. Kulikuwa na mmoja mzito wanayemwita Kobe kwa utani. Aliposomewa muda wake alipiga magoti akabusu vumbi. "Niiteni Paris! Waambieni Kobe anakuja!"

Wa mwisho akawa mdogo wangu. Nilishindwa kutazama. Niliangalia vidole vya miguu yangu.

"Kumi na moja," mwalimu akasema.

Kisha Kobe mwenyewe akaja akamshika mdogo wangu mkono, akautikisa kama mtu mzima.

Mwalimu akatuita kando. "Huyu hakudanganya, na mzee wenu hakudanganya. Hilo nimeliona. Lakini sikia, zandry. Nilimwita kwa ajili ya winga, na hapa wamo wanne waliompita."

"Najua," nikasema. "Nilijua tangu jana."

"Ulijua, ukaja vilevile?"

"Ulisema hutaki mwongo. Mwepesi, ulisema, utampata kwingine."

Alikaa akikwaruza vumbi kwa ufito wangu. Mdogo wangu, ambaye tangu Jumatatu hakuwa amesema neno mbele ya mwalimu, akasema, "Bwana, nijaribu na mpira. Hapa nimekimbia tu. Hakuna aliyenipa mpira."

Na ilikuwa kweli. Timu nzima ya mpira ilikuwa imemtazama Jumatatu, ikamtazama na leo, na hakuna aliyemwekea mpira miguuni.

Jumapili meli ikaondoka, sisi tukiwa kiwanjani. Alichezeshwa beki wa pembeni. Hakufanya maajabu, nisije nikamwongezea na mimi. Aliangushwa, akaamka. Alipitwa mara moja, asipitwe tena na mtu yule yule. Yale magoti makubwa yalimfaa, alikuwa anafika kwenye mpira kwa hatua mbili za mwanzo kabla mwingine hajaamua. Mwisho wa mwezi mwalimu akasema abaki, apewe kitanda, na karakana aanze. Mimi nikashona kanzu ile ya bafta, fupi kidogo mikononi, nikamwachia, nikarudi Nosy Be peke yangu.

Nilikwenda dukani kabla hata ya kufungua mzigo. Mwenye duka alifurahi kwa habari ya ndugu yangu mpaka akagonga meza. Kisha nikamweleza ya fimbo, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Hakubisha. Alipanda kigoda, akaishusha ile ya mpingo, akailaza kando ya fimbo ya mnyororo. Miaka yote ile zilikuwa zinaishi chumba kimoja na hazijawahi kulala pamoja. Akauona upungufu wa kiganja.

"Subhanallah," akasema. Akakaa. Uso wake ukawa wa majivu. "Mwanangu. Na sanda? Sanda zote zile?"

Nilimwonea huruma. "Mzee, hakuna aliyerudi kulalamika."

Alinitazama, akataka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka machozi, au alilia mpaka kicheko, sikujua. "Aliyesitirika kasitirika," akasema, akijifuta kwa kofia. "Lakini vijana bado wako hai. Mstari usogezwe."

Vijana ndio hawakutaka. Timu ya Mahajanga ilikuwa imeagiza wapimwe wengine, na kila mmoja alikuwa na muda wake mzuri anaolala nao.

"Dada, ukisogeza mstari umetuzeesha sote siku moja."

"Acheni hivyo hivyo. Sisi tutajua wenyewe."

"Mtajua nini?" nikawauliza. "Ukuta ule wa Mahajanga ninyi hamjakaa mbele yake. Mimi nimekaa." Hakuna aliyeinuka kunisaidia.

Kesho yake, watu wametoka sala ya alfajiri na umande haujakauka, nilikwenda kiwanjani na kamba niliyoipima usiku kucha kwa utepe alionipa shangazi, mita kwa mita, fundo kwa fundo. Nilifunga ncha moja pale wanapoanzia, nikaivuta mpaka ikakaza. Nikapita mahali walipozoea kumalizia, nikaendelea mbele kwenye nyasi ambazo hazijakanyagwa. Fundo la mwisho lilipofika, nikachomeka kigingi cha mkoko, nikatafuta jiwe, nikakipigilia mpaka kikasimama wima peke yake.